Ufa wa jengo la kale usizibwe kwa saruji

Ndugu Mhariri,

Wahenga waliosema usipoziba ufa utajenga ukuta hawakutuambia ufa wenyewe uzibwe kwa kitu gani. Mimi niliuziba kwa saruji, na ukuta nusura tuujenge upya.

Nimesoma makala mliyochapa kuhusu wasanifu majengo, wahandisi na wahifadhi wanaotoa siku zao za mapumziko kuyaokoa majengo ya kale na papo hapo kuyapunguzia matumizi ya nishati. Mimi ni mkadiriaji majenzi, na kazi hiyo ya kujitolea nimeifanya kwa miaka kadhaa. Makala iliwasifu wenzangu, nami sina ugomvi na sifa. Ila iliruka jambo ambalo sisi wenyewe tunaona haya kulitaja: mara nyingi tunaitwa uamuzi ukiwa umeshapita, tunatoa ushauri, kisha tunaondoka kabla jengo halijatujibu.

Kuhusu mazingira sina mengi ya kuongeza. Wapo wanaoamini bado kwamba jengo la kijani sharti liwe jipya, lenye vioo vya kisasa na paneli za sola juu. Mwaka 2007 msanifu wa Marekani, Carl Elefante, aliandika kwamba jengo la kijani kuliko yote ni lile ambalo tayari limejengwa. Miaka michache baadaye shirika la kuhifadhi urithi la nchi hiyo, National Trust for Historic Preservation, likatoa utafiti uliopiga hesabu hiyo kwa aina mbalimbali za majengo: jengo jipya linalotumia nishati pungufu kwa asilimia 30 kuliko jengo la kawaida lililopo huhitaji kati ya miaka 10 na 80 kufidia madhara ya tabianchi yaliyotokana na kulijenga. Sababu haina fumbo. Matofali ya jengo la zamani yalishachomwa, mawe yalishabebwa, na hewa ukaa yake ilishapanda angani. Ukilibomoa huirudishi, unaanza kutoa nyingine.

Sisemi kila gofu liachwe lisimame. Kuna majengo yaliyokwisha, kuna yenye asbesto na rangi iliyochanganywa na madini ya risasi, na kuna yanayovuja nishati kama pakacha. Hayo ya mwisho ndiyo yanayotuhusu, na ndiyo tunayoyaharibu kwa nia njema.

Nirudi kwenye saruji yangu. Lilikuwa jengo la mikutano la zamani, kuta za mawe na chokaa, unene karibu nusu mita. Chini ya ukuta wa nyuma palikuwa na unyevu. Timu yetu ilikuwa na mhandisi, msanifu na mimi. Tulikuwa na siku mbili, orodha ya kukagua na kamera. Tuliona viungo vya chokaa kati ya mawe vimelika, tukapendekeza vijazwe saruji na ukuta upakwe rangi isiyopitisha maji. Kwenye ripoti tuliandika kwamba ukuta mkavu hupunguza gharama za kuongeza joto au kupoza, jambo ambalo ni kweli. Tukapiga picha ya pamoja, tukaondoka.

Mvua mbili baadaye unyevu ulikuwa umepanda hadi usawa wa kifua. Rangi ilifanya malengelenge, chumvi ikatoka kama unga, na nyuso za mawe zikaanza kumeguka vipande. Niliporudi, mzee anayelitunza jengo alinichukua nyuma, akanionyesha juu. Mfereji wa kukinga maji ya paa ulikuwa umepasuka, maji yote yakimwagikia pale pale. "Mwanangu, mngeniuliza," akasema. Hatukumuuliza. Kwenye orodha yetu hapakuwa na mahali pa kumuuliza mtu yeyote.

Ukuta wa mawe na chokaa hauzuii unyevu. Huupokea na kuutoa. Chokaa ni laini kuliko jiwe na ina vinyweleo, kwa hiyo maji hutoka kupitia viungo, na kinacholika polepole ni kiungo, ambacho fundi hukijaza tena baada ya miaka mingi. Ukiweka saruji ngumu, maji hukosa njia pale na kutoka kupitia jiwe. Yakikauka, chumvi iliyokuwa ndani yake huganda chini ya uso wa jiwe, hutanuka na kulibandua. Unakuwa umekilinda kile kinachobadilishwa kwa urahisi na kukitoa kafara kile kisicho na badala. Na hapa mhifadhi na mtu wa mazingira hawana cha kugombania: chokaa huchomwa kwenye joto la nyuzi 900 hivi, saruji hufika 1,450, tena chokaa inapokomaa ukutani hufyonza sehemu ya hewa ukaa iliyotoka wakati wa kuchomwa. Jawabu lilikuwa moja kwa pande zote mbili. Tulilikosa kwa sababu mtu wa chokaa hakuwemo kwenye timu.

Mpangilio wa kazi nao tunaupindua. Mwenye jengo akisikia neno kijani anataka kwanza kitu cha kuonekana, kiyoyozi kipya au sola, na sisi tunampa kwa kuwa kinapendeza kwenye ripoti. Jengo la Empire State la New York, lililofunguliwa mwaka 1931, lilipofanyiwa ukarabati wa nishati kuanzia mwaka 2009, halikuanzia huko. Madirisha yake zaidi ya 6,500 hayakutupwa. Yalifunguliwa na kuboreshwa katika karakana iliyowekwa ndani ya jengo hilohilo, kisha yakarudishwa. Nyuma ya rejeta, vile vyuma vya kupasha vyumba joto, wakaweka vizuizi vya joto lisipotelee ukutani. Baada ya mahitaji kupungua, mitambo ya kupoza ikatosha kukarabatiwa badala ya kununuliwa mikubwa zaidi. Lengo lilikuwa kupunguza matumizi ya nishati kwa asilimia 38. Ukianza na mtambo, unanunua mtambo mkubwa wa kupoza hewa inayovujia dirishani.

Wahifadhi wana kanuni inayofanana na hiyo katika Mkataba wa Burra wa Australia: badilisha kadiri inavyolazimu, lakini kidogo iwezekanavyo. Mhandisi wa nishati akiisoma ataona ni kanuni yake pia.

Kwa hiyo ombi langu kwa wanaoongoza vikundi vya kujitolea ni kwamba mkubali kuitwa mapema au mkatae. Kuitwa mkataba ukiwa umeshasainiwa ni kuitwa kupamba. Mtu wa nishati na mtu wa urithi waingie jengoni siku moja, wasipokezane ripoti, na wa kwanza kuhojiwa awe anayefagia na kufunga milango, maana yeye ndiye aliyeliona jengo likinyeshewa. Halafu mrudi mwaka ukiisha, na kipima unyevu mkononi. Ziara hiyo ya pili haina picha ya pamoja na ndiyo ninayoithamini zaidi.

Liko pia suala la dhamana, ambalo tunalikwepa kwa adabu. Ushauri wa bure ukiharibu ukuta, ukuta hauharibiki kwa bei nafuu. Kuwe na maandishi yanayosema nani anawajibika kwa nini, na bima pale inapopatikana. Anayeona maandishi hayo yanamvunjia heshima kwa kuwa anajitolea, mimi ningemshukuru na kumwacha apumzike nyumbani.

Na mafundi walipwe. Nimeona vikundi vikimwomba mwashi naye "ajitolee kwa ajili ya urithi wetu". Mimi Jumamosi yangu naitoa kwa sababu Jumatatu nina mshahara. Mwashi anayejua kuchanganya chokaa ana Jumamosi hiyo tu, na wanaojua kazi yake wanapungua. Tukimfanya aione kuwa kazi ya sadaka, hatamfundisha mwanawe.

Ukumbi ule umeshafanyiwa marekebisho. Ufa wa mfereji ulizibwa asubuhi moja. Saruji ilitolewa kwa patasi, kiungo kimoja kimoja, kwa muda mrefu mno kuliko ule wa kuiweka. Mwashi wa chokaa alikuja kwa ujira wake. Aliponiuliza najua nini, nikamwambia kukadiria; akanipa ndoo nilowanishe magunia yaliyofunika viungo, chokaa isikauke haraka.

Wako,
Mkadiriaji majenzi anayejitolea