Mhariri, tupeni kona ya mafumbo ya muziki, nota mnaweza kuzichapa

Ndugu Mhariri,

Mimi ni msomaji wenu wa hapa Moshi na ukurasa wa chemsha bongo ndo naanza nao kabla hata ya siasa. Maswali ya mpira yapo, ya bongo fleva yapo, ya wabunge yapo, lakini muziki wa watunzi wa zamani wa Ulaya, kina Bach na Handel, hamuugusi kabisa, na huku Kilimanjaro wanaoupenda ni wengi kuliko mnavyodhani, zunguka makanisa uone kwaya zilivyojaa, na kwa Walutheri utakuta na matarumbeta juu. Hapo Chuo Kikuu cha Makumira, Arusha, watu wanasomea muziki mpaka digrii. Sasa hawa wote mnawapa nini cha kuchemshia bongo?

Sisi baada ya mazoezi ya kwaya huwa hatutawanyiki, chai inakuja, simu zote zinalazwa juu ya kinanda asije mtu akagugo, sauti ya kwanza na ya pili wanakaa huku, ya tatu na ya nne huku, mchezo unaanza. Na fumbo zuri kwetu sio lile la nani katunga nini mwaka gani, hilo ni la kukariri, mmoja anajibu wengine wanasinzia. Fumbo zuri unalifikia kwa kuunga unga. Mfano hili: watunzi wawili wakubwa, wamezaliwa nchi moja mwaka mmoja, hawajawahi kuonana uso kwa uso, uzeeni wote macho yakawasumbua na wote wakapasuliwa na daktari yuleyule Mwingereza, ni kina nani? Tulikaa nalo weee, mpaka mama mmoja wa sauti ya pili, nesi mstaafu, akaanzia kwa daktari badala ya kuanzia kwenye muziki, akasema kama daktari ni Mwingereza basi mgonjwa mmoja atakuwa alihamia Uingereza, na mtunzi Mjerumani aliyehamia London ni Handel, na ukishampata Handel aliyezaliwa 1685 basi Bach anakuja mwenyewe. Daktari ni John Taylor, na wote wawili walikufa vipofu. Ule ukumbi ulilipuka kwa makofi.

Lingine nalipenda mno la Haydn: ni mtunzi gani aliwaombea wanamuziki wake likizo bila kutamka neno? Mwaka 1772 bosi wao, Prince Esterházy, aliwakalisha muda mrefu kwenye kasri lake la mashambani mbali na familia zao, basi Haydn akatunga simfoni (kazi ndefu ya okestra) namba 45 ambayo mwishoni mwanamuziki mmoja mmoja anamaliza kipande chake, anazima mshumaa, anatoka, mpaka wanabaki wa violini wawili tu. Bosi akaelewa, watu wakaenda makwao. Mtu yeyote aliyewahi kunyimwa ruhusa kazini hilo hawezi kulisahau, ndo maana nasema mafumbo haya yanafundisha kuliko semina.

Halafu kuna yale yanayoleta ubishi. Haleluya ya Handel ni ya Krismasi au Pasaka? Kwaya nyingi huku tunaipiga Krismasi, na ubishi ulikuwa mkali kweli, lakini ndani ya Messiah, ile kazi ndefu ya Handel ilimotoka, inafunga sehemu ya pili, baada ya mateso na ufufuo, na mara ya kwanza kazi hiyo ilipigwa Dublin tarehe 13 Aprili 1742, majira ya Pasaka. Mwalimu wetu wa kwaya ameamua kuanzia sasa tutaiimba sikukuu zote mbili na mimi naona ni sawa kabisa.

Najua wapo watakaosema huo ni muziki wa wazungu. Basi anzeni na hili: ni mwalimu gani wa shule ya misheni karibu na Johannesburg alitunga mwaka 1897 tuni ambayo leo ni ya wimbo wa taifa wa kwetu na wa Zambia, na Afrika Kusini nao wamo? Enoch Sontonga, na alikuwa mtu wa kwaya kama sisi.

Kikubwa Mhariri, msiseme gazeti halina sauti. Wanakwaya wengi wa nchi hii tunasoma sol-fa, na sol-fa ni herufi za kawaida tu, d ni do, r ni re, m ni mi, hivyohivyo, hamhitaji mashine wala mtaalamu. Chapeni hivi: m m f s, s f m r, d d r m, m r r. Mwanakwaya ataiimba hapohapo kwenye daladala na atajua ni simfoni ya tisa ya Beethoven, ile ya 1824 ambayo Umoja wa Ulaya wameifanya wimbo wao. Mstari mmoja wa sol-fa kila wiki na swali lake inatosha, ila jibu litoke wiki inayofuata, sio chini ya ukurasa uleule, watu wapate muda wa kubishana.

Kwa kuanzia wapeni hili: d r m r f m r t d, l s f m r m d s (hiyo t ni ya chini). Mtunzi alikuja kuiweka tuni hii kwenye kwarteti yake ya nyuzi (kazi ya wapigaji wanne wa violini na ndugu zake), na leo mnaisikia Kombe la Dunia timu moja ikipanga mstari kabla ya mechi. Nani kaitunga, na timu ni ipi?

Mwanakwaya, sauti ya nne
Majengo, Moshi