Harambee ya Sauti Kumi na Mbili

Tumsifu Yesu Kristu.

Wana parokia, ndugu wa jumuiya ndogo ndogo, na nyinyi mlio mbali mliobatizwa katika kanisa letu hapa Mombasa, sisi wa kwaya ndogo tunawaomba shilingi 68,000 kabla ya Kwaresima kuanza. Mkesha wa Pasaka tunataka kuimba Agnus Dei, yaani Mwanakondoo wa Mungu, ya William Byrd, bila kinanda, waimbaji kumi na wawili, watatu kila sauti.

Byrd alikuwa mtunzi wa muziki, Mkatoliki, Uingereza wakati Misa ilipokuwa marufuku. Kati ya 1592 na 1595 alichapisha muziki wa Misa tatu: ya sauti tatu, ya nne na ya tano. Vitabu vilitoka bila ukurasa wa kichwa, bila mwaka, bila jina la mchapaji. Waumini waliziimba majumbani kwa siri, na waimbaji wachache walitosha. Sisi tulio wachache tulizipenda tangu siku ya kwanza.

Katika Misa ya sauti nne, Agnus Dei, yenye maombi matatu, huanza na soprano na alto, sauti mbili za juu, peke yao, mmoja akimfuata mwenzake kwa maneno yale yale. Ombi la pili alto ananyamaza, tenori na besi, sauti za chini, wanaingia chini ya soprano. La tatu ndipo zote nne hukutana. Zikifika dona nobis pacem, utujalie amani, sauti moja hung'ang'ania nota yake mpaka igongane na ya jirani, kisha ishuke taratibu, na nyingine ianze kung'ang'ania. Mara ya kwanza tulipoifikisha mwisho bila kukatika, hakuna aliyesema neno kwa muda mrefu, na mama mmoja wa alto alikuwa akilia.

Miaka hiyo hiyo Wareno walikuwa wakijenga Fort Jesus, 1593 hadi 1596, kwa ramani ya Mwitalia Giovanni Battista Cairati. Nikipita pale nikienda mazoezini huwaza kwamba kuta zile na wimbo huu ni rika moja.

Sasa shida yetu. Karibu sote tumefundishwa solfa, yaani nota za do, re, mi, kwa hiyo mwalimu wetu wa kwaya hukaa usiku akizihamisha nota za Byrd kutoka mistari mitano hadi do, re, mi, kwa mkono. Mwaka jana, mbele ya waumini, waimbaji wa tenori walinyamaza katikati ya wimbo kwa sababu mstari mmoja ulirukwa katika kunakili. Iliniuma, maana walikuwa wamejifunza kwa bidii kuliko sote. Tunataka kujifunza kusoma nota zenyewe.

Amepatikana mwalimu wa nota wa kutufundisha Jumamosi kumi na sita, kwa posho ya shilingi 2,500 kila siku: hizo ni 40,000. Nauli za vijana wanaovuka feri kutoka Likoni, 1,000 kila Jumamosi, 16,000. Nakala ishirini na nne zilizochapwa vizuri na kujalidiwa, 500 kila moja, 12,000. Nakala ni nyingi kuliko sisi kwa sababu tunataka vijana wengine wajiunge.

Wapo wazee waliouliza, kwa upendo, kwa nini Kilatini wakati tuna nyimbo zetu. Nyimbo zetu zitakuwepo, na kayamba na ngoma za kwaya kuu pia. Tumeomba sehemu hiyo moja tu ya ibada, na Padre ameridhia. Hata Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika hati yake ya liturujia ya 1963, uliuachia nafasi muziki wa sauti nyingi.

Mchango wowote, hata wa shilingi hamsini, mkabidhi mweka hazina wa kwaya baada ya Misa ya pili, naye atakuandikia risiti. Jumuiya inayopenda kubeba Jumamosi moja nzima, 3,500 kwa mwalimu na nauli, imwambie mapema. Hesabu itasomwa kanisani kila mwisho wa mwezi.

Mazoezi ni Jumamosi saa tisa alasiri, ukumbi wa parokia. Karibuni mtusikilize hata kabla ya kutoa.