Shukrani kwa mzee wa makaburini, Tanga

Mzee wangu, ambaye hata jina sikukuuliza, assalamu alaykum.

Siku tuliyomzika mama hapa Tanga, watu walipokwisha kutawanyika, ulinikuta nimesimama kando ya kaburi, udongo mbichi umenigandia viganjani, nikiwawaza Munkar na Nakir, malaika wanaomhoji maiti kaburini, na maswali yao, kwa kuwa tangu nikiwa mtoto katika chuo cha Kurani nilifundishwa adhabu ya kaburi zaidi ya nilivyofundishwa rehema. Hukunikemea. Ulinisomea kwa sauti ya chini aya ya 53 ya Sura Az-Zumar, inayowakataza waliojidhulumu nafsi zao kukata tamaa na rehema ya Mwenyezi Mungu, kisha ukaniuliza: “Mwanangu, mama alikuhurumia? Basi Mola wake anamhurumia kuliko alivyokuhurumia wewe.”

Hofu haikuniisha, na sidhani kama yapasa iishe yote. Lakini usiku ule nilipata usingizi, jambo lililokuwa limenishinda tangu mama alipougua. Kila Ijumaa ninapomwombea dua mama, nawe nakutaja: yule mzee wa kofia ya viua. Ahsante sana, na Mwenyezi Mungu akulipe kheri.