Barua ya Wazi kwa Waziri wa Afya: Kiharusi Hakipoozeshi Mkono Peke Yake

Mheshimiwa Waziri,

Salaam. Ombi langu ni moja: mgonjwa wa kiharusi asiruhusiwe kurudi nyumbani kabla ndugu zake hawajaambiwa kwamba huenda akashindwa kusoma hisia kwenye nyuso zao.

Baba yangu mdogo alipata kiharusi upande wa kulia wa ubongo, mkono na mguu wa kushoto vikalegea. Tuliruhusiwa na dawa za presha, maelekezo ya mazoezi na onyo la chumvi. Habari ya nyuso hatukuisikia. Mama mdogo alipofiwa na dada yake alikaa akilia mbele ya mumewe, naye akauliza chai iko wapi. Ukoo ukaitisha kikao. Wapo waliosema amekuwa na roho ngumu, na wapo walioanza kumtafuta mchawi. Kumbe mama mdogo akitamka tu, "Nina majonzi," mzee anamshika mkono.

Wataalamu wanajua siku nyingi kwamba upande wa kulia wa ubongo hubeba sehemu kubwa ya kazi ya kusoma hisia usoni. Magonjwa mengine nayo huigusa. Mwaka 1994 watafiti wa Iowa, Marekani, waliandika habari za mwanamke anayetajwa kwa herufi S.M. tu. Ugonjwa adimu wa kurithi ulikuwa umemharibia amigdala, sehemu ya ubongo yenye ukubwa wa lozi, kulia na kushoto. Picha ya mtu mwenye furaha aliielewa; ya mwenye hofu ilimshinda. Mwaka 2005 ikabainika kwamba hakuwa akiyatazama macho. Alipoelekezwa ayatazame, hofu akaitambua. Asipokumbushwa, anarudi kule kule. Chake hakikuwa kiharusi, lakini mimi kisa hicho kilinipa moyo kuliko ushauri wote wa kikao chetu.

Kipimo cha kujua kama mgonjwa anasoma nyuso si mashine ya mabilioni, ni picha na maswali. Tatizo ni picha zipi. Zilizotumika sana duniani ni za Paul Ekman na Wallace Friesen, za mwaka 1976: nyeusi na nyeupe, sura za Wamarekani weupe. Bibi wa Kilosa akizikosa, daktari atajuaje kama ni ubongo au ni ugeni wa sura? Wizara iwape kazi wataalamu wa vyuo vyetu wapige picha za Watanzania, wazee kwa vijana, na wazijaribu kwanza kwa watu wasio na maradhi ya ubongo.

Hilo litachukua muda. Karatasi ya Kiswahili ya ukurasa mmoja haihitaji kusubiri: kaa mbele ya mgonjwa penye mwanga, mwambie kwa maneno unavyojisikia, usimsusie. Ibandikwe wodini pia, maana siku ya kuruhusiwa ndugu huwa dirishani wanahangaikia bili.

Wako,
Mwana wa mgonjwa, Morogoro