Malalamiko kuhusu Probox ya gia za mkono mliyoniuzia Juni 26

Mafinga, Iringa
14 Julai 2025

Meneja wa Mauzo,
Yadi ya Magari Yaliyotumika,
Dar es Salaam.

YAH: GIABOKSI MBOVU KWENYE TOYOTA PROBOX YA MWAKA 2011, NA MAJIBU NILIYOPEWA

Ndugu Meneja,

Husika na kichwa cha habari hapo juu. Tarehe 26 Juni 2025 nilinunua kwenu Toyota Probox ya rangi ya fedha, namba D, gia tano za mkono, kwa shilingi 11,800,000. Stakabadhi ninayo, na ile karatasi yenu yenye mhuri inayosema "injini na giaboksi, siku 30" ninayo pia. Kesho yake gari likanishinda njiani. Nilipopiga simu, kijana wenu wa mauzo akanijibu: "Mama, manual inataka mazoea." Nalalamikia yote mawili, giaboksi na hilo jibu, na sijui lipi limeniuma zaidi.

Nianze na jibu. Mimi ni afisa mifugo mstaafu. Kuendesha nilifundishwa na marehemu baba kwa Land Rover yake ya zamani, zile ambazo gia ya kwanza na ya pili hazikuwa na sinkromeshi, yaani zile ringi zinazolinganisha mwendo wa gia ili iingie bila kusaga. Ukitaka kurudi namba mbili unakanyaga klachi, unatoa gia, unaachia klachi, unagusa mafuta kidogo, unakanyaga tena, ndipo unaingiza. Ukikosea gia inalia, na baba anakutazama. Hasemi kitu, anakutazama tu. Baada ya hapo nimezunguka vijiji vya Mufindi na gari la idara miaka mingi, masika na kiangazi, kwenye udongo ambao ukishanyeshewa hata bata anateleza. Kwa hiyo mazoea ninayo, na huyo kijana wenu nadhani nilianza kukanyaga klachi kabla hajazaliwa.

Probox ya gia za mkono niliitafuta kwa makusudi, maana zinaadimika: toleo lililokuja mwaka 2014 lilihamia kwenye otomatiki. Mwanangu alinishauri nichukue otomatiki kama watu wote wa mjini. Nilikataa. Natelemka milima nikiwa na ndama wa watu au madumu ya maziwa nyuma, nataka injini inizuie, si breki peke yake. Toyota sina ugomvi nao. Gari lenyewe nalipenda, na injini yake ni nzima kabisa.

Siku ya kulijaribu, kijana wenu ndiye aliyetangulia kuliendesha. Nilipofika injini ilikuwa imeshapashwa moto, jambo ambalo lilipaswa kunishtua. Tukazunguka kama kilomita moja na nusu kwenye foleni, barabara tambarare, gia ya kwanza na ya pili, ya tatu mara moja. Sikufanya lile jaribio ambalo hata dereva wa lori mwanagenzi analijua: vuta hendibreki, weka gia ya tatu, achia klachi. Hilo ni kosa langu, sitawabebesha nyie. Niliambiwa gari lilikuwa la mtumishi mmoja wa kike, alikuwa analipeleka kazini na kanisani tu. (Huyu mtumishi wa kike anayekwenda kazini na kanisani tu, kila yadi Dar ina gari lake.)

Nilitoka Dar saa kumi na moja alfajiri ya tarehe 27. Hadi Morogoro sikuona shida. Mikumi, kila nilipopunguza mwendo kwa ajili ya wanyama na kurudi gia ya tatu, ikaanza kusaga, krrr, kama unakoroga kokoto kwenye sufuria. Nikaanza kuiingiza kwa mtindo wa Land Rover ya baba, klachi mara mbili, ikakubali. Hapo nikajua: gia inayotaka kubembelezwa namna hiyo kwenye gari la kisasa, sinkromeshi yake imekufa. Baada ya Ruaha Mbuyuni ikaongeza tabia nyingine, nikiachia mafuta inachomoka yenyewe inarudi fri, gari linabaki bila gia. Nikawa naendesha mkono mmoja kwenye usukani, mwingine umeishikilia gia kama mtu aliyeshika mbuzi mnadani.

Kisha mlima Kitonga. Mnaijua Kitonga. Malori ya Tunduma yamepangana, yanapanda kwa mwendo wa kinyonga, kona upande huu na korongo upande ule, huwezi kupita na huwezi kusimama kwa raha. Niko gia ya pili, nakanyaga mafuta, injini inazidi kuzunguka, mwendo unashuka. Injini inapiga kelele, gari haliendi. Ikaja harufu. Kwa kazi niliyofanya, harufu ile naifahamu vizuri: ni kama ile ya kuunguza vipembe vya ndama kwa chuma cha moto. Lori la mbele yangu lilipokata mwendo nusura nisimame, na kama ningesimama pale, kuondoka tena kwa klachi ile ingekuwa bahati nasibu. Nyuma yangu kulikuwa na basi limejaa watu. Niliomba Mungu mpaka juu.

Nilifika Ipogolo, Iringa, jioni. Kesho yake fundi akafanya jaribio lile nililolikwepa mimi: hendibreki, gia ya tatu, akaachia klachi taratibu. Injini ilipaswa kuzima. Ikaendelea kuunguruma kana kwamba hajafanya lolote. Akafungua nati ya chini ya giaboksi kumwaga oili. Naomba hapa msome polepole. Oili ilitoka nzito kama asali ya msimu wa baridi, ikining'inia kwenye nati, wakati giaboksi ile inatumia oili nyepesi zaidi. Akachovya kidole, akakinyoosha juani, akaniita: "Mama, njoo uone dhahabu." Kidole kizima kilimeremeta vumbi la njano. Ni shaba ya ringi za sinkromeshi, iliyosagwa ikawa unga. Oili nzito ya namna ile haiwekwi kwa bahati mbaya. Huwekwa ili giaboksi inyamaze mlio kwa siku chache, mpaka mteja avuke Chalinze.

Tulipoishusha, pleti ya klachi ilikuwa imeliwa mpaka riveti zimeanza kuchora flaiwili, lile gurudumu la chuma la injini ambalo pleti hulibana. Klachi, nakubali, ni kitu cha kuisha, na dereva mbovu anaweza kuiunguza siku moja. Mngeniambia hivyo ningewasikiliza. Lakini ringi ya gia ya tatu imeisha meno, na meno yenyewe ya gia yameviringika kama ya ng'ombe mzee. Hayo hayatokei kati ya Kimara na Kitonga. Kwenye dashibodi panasomeka kilomita 68,000, ilhali zulia lina tundu pale kisigino cha kushoto kinapokaa, na raba ya pedeli ya klachi ni mpya kuliko zile mbili jirani zake. Raba mpya moja! Mngebadilisha hata zote tatu.

Kuna na kile kirungu cha juu ya gia. Kinang'aa, kizuri, nilikisifia mwenyewe pale yadi. Nilipotulia nikakitazama: kimechorwa gia sita, na rivasi iko juu kushoto. Gari lina gia tano, na rivasi yake iko chini kulia. Kirungu ni cha gari jingine. Cha kwake nadhani kilikuwa kimesuguliwa na viganja mpaka namba zimefutika, na kingewasemea mengi kuhusu hizo kilomita 68,000.

Gharama ni hizi, risiti nimeambatisha: klachi seti 310,000, giaboksi ya mtumba kutoka Dar 650,000, oili 45,000, kuchonga flaiwili 40,000, ufundi 180,000, na malazi ya siku mbili Iringa 60,000. Jumla 1,285,000. Klachi seti nailipa mwenyewe, kwa ajili ya lile jaribio ambalo sikulifanya. Nawadai shilingi 975,000. Gari silirudishi.

Simu niliyowapigia Ipogolo ilikuwa ndani ya siku ya pili kati ya zile 30, kwa hiyo habari ya kwamba nimechelewa isiletwe. Naomba fedha, au barua yenye majibu ya maana, ndani ya siku 14 tangu mpokee hii. Mkinyamaza nitapeleka malalamiko Tume ya Ushindani, kwa kuwa Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza kumpotosha mnunuzi, na baada ya hapo mahakamani. Giaboksi ya zamani, pleti ya klachi na chupa ya ile oili viko kwa fundi Ipogolo, kwenye kiroba chenye jina langu. Mtumeni fundi wenu aje aone, nitampokea vizuri.

Huyo kijana wa mauzo sitaki afukuzwe. Nataka anipigie simu mwenyewe.

Na kile kirungu halisi cha gia, kama bado mnacho, nitumieni kwa basi, nauli ya mzigo nitalipa. Hata kama namba zimefutika. Hiki cha gia sita, juzi kijana wangu wa kazi alikitazama akatafuta rivasi juu kushoto, akagonga banda la kuku.

Wenu,
Mteja wa Probox ya fedha, Mafinga