Kwa Rehema, kuhusu njaa ya Majimaji

Songea

Rehema rafiki yangu,

Salamu nyingi kutoka huku. Sisi hatujambo, mvua zimeanza vizuri na watu wako mashambani. Natumaini wewe na wanao hamjambo pia. Pendekezo lako la utafiti limenifikia na nimelisoma lote, tena mara mbili. Nakuandikia upesi kabla hujalipeleka kwa msimamizi wako.

Unataka kuuliza kwa nini watu wa Kusini, walipowaasi Wajerumani katika vita ya Majimaji, waliamini kwamba dawa ya mganga Kinjikitile ingegeuza risasi kuwa maji. Swali hilo limeulizwa sana, shoga yangu. Tangu wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walipokwenda vijijini mwaka 1968 kuwahoji wazee, tunajua mengi kuhusu Ngarambe, kijiji cha Kinjikitile, kuhusu pamba iliyong'olewa Nandete mwezi Julai 1905 vita ilipoanza, na kuhusu mahongo, wajumbe waliosambaza dawa. Kinachonisumbua ni kwamba swali hilo linamtaka aliyekufa ajieleze, huku aliyeua haulizwi kitu.

Kinjikitile alinyongwa Mohoro tarehe 4 Agosti 1905, vita ikiwa bado changa. Wengi waliokufa baada yake hawakufa kwa bunduki za boma la Wajerumani la Mahenge wala kwa kamba za hapa Songea. Walikufa njaa, na njaa ile haikuletwa na ukame. Kapteni Wangenheim wa jeshi la Kijerumani aliandika waziwazi kwamba mapigano peke yake hayatoshi, na kwamba njaa na dhiki ndizo zitakazowafanya watu wasalimu amri kabisa. Gavana von Götzen, aliyetawala koloni wakati huo, naye, baada ya kurudi kwao, alitetea kuchomwa kwa vijiji na akiba ya chakula, akisema katika vita na watu aliowaona hawajastaarabika hakuna namna nyingine. Maghala yakateketezwa, na mbegu ya msimu uliofuata ikaenda na moto. Wajerumani waliwahesabu wafu wao kwa makini: Wazungu 15, askari 73, rugaruga, yaani wapiganaji wasaidizi, 316. Wafu wetu waliwakadiria kuwa 75,000. Gilbert Gwassa, aliyeandika tasnifu yake ya uzamivu juu ya vita hii, alifikia kati ya 250,000 na 300,000. Pengo hilo pekee linatosha sura nzima.

Hapo ndipo ningependa usimame. Ni nani aliyeamua kwamba njaa iwe silaha? Alijua nini siku alipoamua? Tazama Namibia: tarehe 2 Oktoba 1904 Jenerali von Trotha wa Ujerumani alitoa amri ya maandishi ya kuwaangamiza Waherero, na watu wanaweza kuishika amri ile na kuisoma. Dola ni ile ile, na hata mwaka haujapita, lakini kwetu huanzi na karatasi moja ya namna hiyo. Utakuta taarifa za kituo baada ya kituo, kila ofisa akieleza alichochoma. Je, hatia inapungua kwa sababu imegawanywa mikononi mwa wengi? Mimi nasema haipungui, na ningefurahi kuona ukilijenga jambo hilo kwa ushahidi.

Usikwepe kuuliza pia walioshika vijinga vya moto. Askari wengi walikuwa Wasudani, Wamanyema, Wanyamwezi. Kiwanga, chifu wa Wabena, alikuwa upande wa Wajerumani. Utaambiwa kwamba kuyataja haya ni kumpunguzia mkoloni mzigo, lakini mzigo wake uko pale pale. Yule askari alikuwa mtu mwenye akili na uamuzi wake, na historia inayomfanya jiwe haimtendei haki yeye, wala yule mama aliyeona ghala lake likiungua.

Kuhusu vyanzo, anza Nyaraka za Taifa pale Dar. Mafaili ya Kijerumani yapo, ila mwandiko wake wa kale ni mgumu, kwa hiyo tafuta mapema mtu wa kukufundisha kuusoma. Ukija huku, wahoji wanawake. Wanaume watakusimulia Nduna Songea Mbano, mkuu wa vita wa Wangoni, na wenzake walionyongwa mapema mwaka 1906, na ni haki yao, kila mwaka tunawakumbuka. Lakini mizizi gani ililiwa porini, mtoto gani alipelekwa kwa nani ili apate kula, hayo bibi zetu waliyapokea kwa bibi zao. Nenda na Liwale pia, ukaone jinsi nchi iliyobaki bila watu ilivyorudi kuwa pori la tembo na mbung'o.

Rais Steinmeier wa Ujerumani alipokuja hapa tarehe 1 Novemba 2023 akaomba msamaha, nilifurahi kwa dhati. Nikajiuliza pia: msamaha wa kunyonga, au wa njaa vilevile? Wazee wetu wanaohangaikia kichwa cha Nduna Songea, kinachosemekana kilipelekwa Ujerumani, wanajua wanachodai. Waliokufa njaa hawana hata orodha ya majina.

Msimamizi wako akisema mada ni pana, chukua wilaya moja na misimu miwili ya kilimo, 1905 hadi 1907. Nitumie rasimu mpya ikiwa tayari, nami nitaisoma usiku huo huo. Chumba cha wageni ni chako wakati wowote utakapokuja. Wasalimie wote hapo nyumbani, hasa mama.

Ni mimi rafiki yako,
Zuhura