Barua kwa Mama Zaitun

Busia, 9 Machi 2025

Mpendwa Mama Zaitun,

Asalaam aleikum. Barua yako niliipata Ijumaa, nami nimeirudia mara kadhaa kwa sababu ya habari kwamba wauguzi walikwenda shuleni kuwachanja wasichana wa miaka kumi dhidi ya saratani ya mlango wa kizazi, nawe ukamzuia Zaitun nyumbani kwa kuwa huko Arua inasemwa chanjo hiyo hufunga kizazi. Maneno hayo hata hapa Busia tumeyasikia. Lakini katika wilaya za Ibanda na Nakasongola, hapa Uganda, chanjo hiyo ilianza kutolewa mwaka 2008, na nchi nzima mwaka 2015; wasichana wale wa kwanza leo ni wanawake wazima, na miongoni mwao wamo akina mama.

Kinachoharibu kizazi ni ugonjwa wenyewe. Virusi vya papiloma, ambavyo ndivyo vinavyouleta, hupita kwa kugusana katika tendo la ndoa, na kwa wanawake wengi mwili huviondoa ndani ya miaka miwili. Vinavyogoma kutoka, hasa aina ya 16 na ya 18 ambazo huleta takriban asilimia 70 ya saratani ya mlango wa kizazi, huweza kukaa kimya miaka 15 hata 20 kabla ya saratani kujitokeza. Binti huchanjwa mapema si kwa sababu anashukiwa (najua hilo ndilo lililomuudhi Baba Zaitun), bali kwa sababu chanjo huvizuia virusi visiingie, wala haivifukuzi vilivyokwisha kuingia.

Sisi wawili, basi, dawa yetu ni kupimwa. Mwezi uliopita muuguzi alinipaka kwenye mlango wa kizazi siki iliyozimuliwa, siki ileile ya kachumbari, nikashindwa kujizuia kucheka, naye akasubiri kama dakika moja aone iwapo pana sehemu inayogeuka nyeupe. Ilionekana moja ndogo, akaichoma kwa kifaa cha joto siku hiyohiyo, nikarudi nyumbani kwa miguu. Aibu ilinisumbua kuliko maumivu. Baba Shamim ameambiwa avumilie mwezi mzima, nami nirudi baada ya mwaka.

Mdogo wako anayetumia ARV asichelewe kupimwa, maana kwa mwanamke mwenye VVU hatari ya saratani hii ni mara sita.

Zaitun mpeleke kituo cha afya, atachanjwa bila malipo. Nawe ukija kumsalimu shangazi mwezi ujao, tutakwenda pamoja. Nitakaa nje ya mlango hadi utoke.

Wako,
Mama Shamim